Barua ya wazi kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika: dola 86 za Chepachet na akiba za wanachama wa SACCOS

Ndugu Mrajis,

Tunakuandikia kuhusu benki iliyokufa Machi 1809 katika kijiji cha Chepachet, mji wa Glocester, jimbo la Rhode Island, Marekani. Tunajua meza yako imejaa mafaili ya vyama vya hapa nyumbani na vya leo. Hata hivyo, sisi ambao kazi yetu ni kusoma vitabu vya vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) tunaona kisa hiki kinaonyesha, pengine kuliko kingine chochote, namna chombo kidogo cha fedha kinavyokaushwa na watu wa ndani huku daftari likilingana. Tuna maombi matatu. Kila ombi tutaliweka mahali linapotoka, ili usilisome kama amri ya watu waliokaa pembeni.

Benki yenyewe iliitwa Farmers' Exchange Bank. Ilipewa hati na bunge la jimbo mwaka 1804. Glocester ulikuwa mji wa wakulima, kaskazini magharibi mwa Rhode Island, kama kilomita 25 kutoka Providence. Hati ilitaja hisa 2,000 za dola 50 kila moja, yaani mtaji wa dola 100,000, zilipwe kwa awamu saba, kwa sarafu za dhahabu au za fedha.

Zama zile serikali ya Marekani haikutoa noti. Kila benki ilichapisha zake, na kila noti ilikuwa ahadi: aliyeishika akifika kaunta na kudai, alipwe sarafu papo hapo. Kwa mhasibu, noti iliyoko mkononi mwa mtu ni deni la benki. Katika SACCOS deni la namna hiyo linakaa kwenye mstari wa akiba na amana za wanachama. Basi kila tutakaposema noti, tunakuomba usome akiba ya mwanachama, na kila tutakaposema sarafu, usome fedha iliyo kwenye kasiki, benki na akaunti ya simu.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwenye mtaji. Wanahisa waliruhusiwa kuandikiwa hisa na kulipa awamu kwa hati za ahadi, yaani karatasi inayosema "nitalipa". Wakurugenzi waliotoa sarafu kweli, baadaye wakaichukua tena na kuacha karatasi mahali pake. Kamati ya bunge ilipokuja kupekua vitabu ilikuta kwamba katika mtaji wote huo sarafu iliyowahi kuingia ilikuwa dola 19,000 na ushei tu, na baada ya wakurugenzi kutoa walichoweka zikabaki kama dola 3,000. Benki ikaendelea kufanya kazi hivyo kwa miaka minne, na kwa nje haikuonekana mbovu. Wakulima walikopa, noti zikazunguka vijijini, wachache wakaja kudai sarafu na wakalipwa. Chombo chenye mtaji mtupu kinaweza kuishi muda mrefu ikiwa hakuna anayekidai kwa wingi kwa siku moja. Ndiyo sababu umri wa chama usichukuliwe kuwa ushahidi wa afya yake. Tumesoma ripoti nyingi zinazoanza na "chama hiki kimedumu tangu mwaka fulani", na sentensi hiyo haimwambii msomaji lolote kuhusu fedha.

Sasa anaingia Andrew Dexter, mwanasheria kijana wa Boston. Ili uelewe alichokiona, lazima ujue jinsi umbali ulivyoathiri thamani ya noti. Noti ya benki ya kijijini ilipofika Boston ilishuka bei, kwa sababu anayeitaka sarafu ilibidi asafiri hadi kijijini kuidai. Kadiri benki ilivyokuwa mbali, ndivyo noti zake zilivyochelewa kurudi nyumbani. Mfanyabiashara mwaminifu huona hasara hapo, lakini Dexter aliona mkopo usio na riba: ukimiliki benki za mbali, unaweza kutoa noti nyingi Boston, na zitachukua miezi kabla hazijagonga kaunta yako. Alishika Boston Exchange Office, ofisi iliyokuwa ikinunua na kusambaza noti za vijijini, akajiingiza pia kwenye Berkshire Bank ya Pittsfield, Massachusetts, na kwenye benki iliyofunguliwa Detroit mwaka 1806, mji ambao wakati ule ulikuwa safari ya majuma kadhaa kutoka Boston. Fedha alizitaka kwa ajili ya jengo moja, Exchange Coffee House, hoteli na soko la wafanyabiashara la ghorofa saba katikati ya Boston. Mafundi na wauzaji wa vifaa walilipwa kwa noti za benki zake.

Mwaka 1808 aliinunua benki ya Glocester. Wakurugenzi walikuwa kumi na moja, na kila mmoja alipewa dola 1,300 ili auze hisa zake na kuondoka. Fedha hiyo ilitoka katika benki yenyewe. Zidisha: 14,300. Linganisha na dola 19,000 zilizowahi kuingia tangu benki ifunguliwe, utaona kwamba siku ya makabidhiano ilikula robo tatu ya kiasi ambacho benki ilikusanya katika maisha yake yote. Mnunuzi hakutoa kitu mfukoni mwake, na wauzaji walikuwa ndio walinzi wa kasiki.

Kisha akaanza kukopa. Jumla ya mikopo yake ilizidi dola 760,000, zaidi ya mara saba ya mtaji wa kwenye karatasi. Hati zake za ahadi zilikuwa na sharti ambalo sisi tunaliona ndilo moyo wa kisa chote: riba asilimia 2 kwa mwaka, na Dexter asidaiwe malipo mpaka yeye mwenyewe aone inafaa, kwa kuwa yeye ndiye mwanahisa mkuu na ndiye anayejua vizuri zaidi wakati unaofaa wa kulipa. Hayo yaliandikwa kwa wino na kuwekwa kwenye mafaili ya benki.

Tazama sasa daftari linavyosema. Upande wa mali: mikopo kwa Dexter, mamia ya maelfu ya dola. Upande wa madeni: noti zilizotoka, kiasi hicho hicho. Mizania inalingana. Jumla ya mali inakua mwezi hadi mwezi, na mtu anayesoma ukubwa tu ataona benki inayostawi. Kosa halimo kwenye hesabu bali kwenye sifa ya mstari mmoja: mali yote ya benki ni ahadi ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mwenye kuamua lini atalipa. Mkaguzi anayejumlisha na kuhakiki jumla atatoka hapo akiwa ameridhika. Itabidi afungue hati ya mkopo yenyewe na kuisoma mpaka mwisho.

Hapo ndipo ombi letu la kwanza lilipo, Ndugu Mrajis. Tunaomba kila chama kitoe kila mwezi ukurasa mmoja wa mikopo ya viongozi, na ukurasa huo ubandikwe ofisini mahali ambapo mwanachama anasimama kusubiri huduma. Uwe na wajumbe wa bodi, kamati ya mikopo, kamati ya usimamizi, meneja na watumishi, pamoja na wenzi wao na biashara wanazomiliki. Kila mstari uonyeshe kiasi kilichokopwa, tarehe, salio la leo, tarehe ya rejesho la mwisho lililoingia kama fedha, na mara ngapi mkopo umeongezewa muda. Chini kabisa iwekwe jumla yao, na kando yake jumla ya mtaji halisi wa chama. Huo uwiano ungeifunga benki ya Glocester ndani ya mwezi wa kwanza wa Dexter.

Tumeandika "rejesho lililoingia kama fedha" kwa makusudi. Siku hizi hakuna anayeandika kwamba atalipa atakapoona inafaa. Njia inayotumika ni kulipa mkopo wa zamani kwa mkopo mpya. Mkopo wa milioni 8 umefika mwisho, haujalipwa; anaandikiwa mkopo mpya wa milioni 9 na laki 6, wa zamani unafungwa siku hiyo hiyo, na leja inaonyesha mkopaji safi asiye na hata siku moja ya kuchelewa. Mfanye mkaguzi apange leja ya mikopo kwa namba ya mwanachama, kisha kwa tarehe. Palipo na mkopo kufungwa na mwingine kufunguliwa ndani ya siku tatu, atafute stakabadhi ya benki au ya kasiki. Kama hakuna fedha iliyotembea, mkopo huo uhesabiwe umri wake kuanzia ule wa kwanza, na tengo la hasara, yaani kiasi kinachotengwa kufidia mkopo usiolipika, liwekwe kwa umri huo. Kazi hii kwa chama cha wanachama mia sita haichukui zaidi ya siku moja kwenye kompyuta, na ni siku yenye faida kuliko wiki nzima ya kuhakiki vocha za chai na nauli.

Wadhamini pia. Pale ambapo mjumbe A amemdhamini B, B amemdhamini C na C amemdhamini A, kila mmoja amesimama juu ya mwenzake, na hakuna wa nje ya duara anayebeba mzigo. Chora mishale kwenye karatasi; ukirudi ulipoanzia, dhamana hiyo isihesabiwe.

Na kama bodi imebadilika kwa zaidi ya nusu, mkutano wa makabidhiano usifanyike kabla mtu wa nje hajapitia malipo yote yaliyotoka katika siku 90 zilizotangulia. Wakurugenzi kumi na moja wa Glocester waliondoka na fedha wakati wa kukabidhi. Hiyo ndiyo saa ambayo walinzi wa zamani hawajali tena na wapya bado hawajui mahali palipo funguo.

Turudi Chepachet. Noti zilichapwa kwenye karatasi kubwa, lakini hazikuwa fedha mpaka zitiwe tarehe, namba na sahihi kwa mkono. Kwa hiyo kasi ya wizi ilitegemea kasi ya kalamu. Barua za Dexter kwa mtunza fedha wake, ambazo kamati ya bunge ilizipata na kuzichapisha, zinamsukuma atie sahihi nyingi iwezekanavyo, usiku pia, katika chumba cha faragha ili watu wasishuku. Mtunza fedha alilalamika kwa uchovu lakini aliendelea. Tunalitaja hili kwa sababu katika kila chombo kinachofilisiwa kuna mtumishi mmoja aliyeshika kalamu akijua, na mara nyingi hakuwa na mahali pa kupeleka habari bila kupoteza kibarua chake. Namba ya simu ya ofisi yako ya mkoa, iliyobandikwa ndani ya chumba cha mhasibu badala ya kaunta peke yake, ingekuwa kitu kidogo chenye uzito.

Kuelekea mwisho wa 1808 wafanyabiashara wa Boston walichoka. Walianza kukusanya noti za vijijini kwa mafungu makubwa na kuwatuma mawakala wakadai sarafu kaunta. Sasa soma maelekezo aliyopewa mtunza fedha, maana hii ndiyo sehemu ambayo afisa ushirika wa wilaya anaweza kuitambua kwa macho bila kufungua kitabu. Lipa polepole. Hesabu sarafu ndogo ndogo ili saa ziende. Wakazi wa karibu walipwe kwanza ili wasianze kusema, wageni wasubirishwe. Anayesisitiza apewe noti za benki nyingine badala ya sarafu. Anayekataa apewe hawala, yaani hati ya kudai malipo, kwa Dexter mwenyewe, Boston, ya kulipwa baada ya siku arobaini. Yaani mtu aliyetoka Boston kudai ahadi alirudi Boston na ahadi nyingine, iliyoandikwa na mdaiwa yule yule.

Benki haikutangaza kusimamisha malipo katika miezi hiyo. Mlango ulikuwa wazi. Ukimuuliza mtunza fedha, angesema benki inalipa. Na alikuwa akilipa, kiasi fulani kwa siku.

Bunge la Rhode Island liliunda kamati mapema 1809. Ilipofika na kuhesabu, kwenye benki kulikuwa na sarafu za dola 86 na senti zisizofika 50. Noti zilizokuwa mikononi mwa watu zilizidi nusu milioni ya dola, na kamati haikuweza kupata idadi kamili kwa sababu daftari la noti zilizotiwa sahihi halikutunzwa sawasawa. Dexter alikimbilia Nova Scotia, chini ya himaya ya Waingereza, ambako wadai wake hawakumfikia. Hoteli ilikamilika mwaka huo huo, ikateketea kwa moto mwaka 1818. Baadaye Dexter alikwenda kusini akawa miongoni mwa waanzilishi wa mji wa Montgomery, Alabama.

Hasara ilibaki kwa waliokuwa wameshika noti: fundi aliyelipwa ujira wa ghorofa ya tano, mkulima aliyeuza ng'ombe, mwenye duka aliyepokea noti jioni moja bila kujua. Hakukuwa na bima ya amana. Hapa kuna jambo linalogusa wanachama wetu moja kwa moja. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilipozifungia benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru na ile ya wakulima wa Kagera, kila mwenye amana alikuwa na haki ya kulipwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi kikomo cha shilingi 1,500,000, na kikomo hicho kimeshapandishwa tangu hapo. Akiba ya mwanachama wa SACCOS haiko chini ya bima hiyo. Anasimama pale alipokuwa amesimama mshika noti wa 1809. Kinachomlinda ni ukaguzi, na ukaguzi ukifika mwaka mmoja baadaye unakuta dola 86.

Ombi la pili basi: kila chama kiwe na daftari la kusubiri. Lina safu tano tu: tarehe mwanachama alipoomba kutoa fedha, kiasi, tarehe aliyolipwa, kiasi alicholipwa, na njia ya malipo. Mwisho wa wiki mtunza fedha anaandika idadi ya maombi ambayo hayajalipwa na umri wa lile la zamani zaidi. Namba hizo mbili zitumwe kwa ofisi ya wilaya hata kwa ujumbe wa simu. Usisubiri taarifa za robo mwaka, maana mizania ya Glocester ilikuwa nzuri hadi siku ya mwisho, lakini foleni yake ilikuwa imeshaharibika miezi mitatu kabla.

Namna ya kuisoma: maombi kulipwa kwa siku mbili hadi tatu wakati wa ada za shule, Januari na Julai, si ugonjwa. Kusubiri kukipanda kutoka siku tatu hadi kumi katika mwezi usio na ada wala msimu wa pembejeo, mtu aende. Kiasi kilicholipwa kikianza kuwa pungufu ya kilichoombwa ("chukua laki mbili leo, nyingine wiki ijayo"), aende kesho. Malipo ya wakubwa na majirani yakitangulia maombi yaliyowasilishwa mapema, aende leo, na aanze na ukurasa wa mikopo ya viongozi. Na daftari likiwa safi kupita kiasi, kila ombi limelipwa siku hiyo hiyo mwaka mzima, mkaguzi achague wanachama ishirini bila mpangilio awapigie simu. Mara nyingine ombi haliandikwi mpaka siku fedha ipatikane.

Massachusetts ilijifunza kwa njia hii hii. Iliweka adhabu ya asilimia 2 kwa mwezi kwa benki isiyolipa noti zake inapodaiwa. Baadaye Suffolk Bank ya Boston, iliyoanzishwa 1818, ikajenga katika miaka ya 1820 utaratibu wa kupokea noti za vijijini kwa thamani yake kamili, mradi benki husika iweke kwake amana ya kudumu isiyopungua dola 2,000 na ziada ya kukomboa noti zinazofika. Iliyokataa, noti zake zilikusanywa na kurudishwa kwake zidaiwe sarafu. Noti zikawa zinarudi nyumbani mara kwa mara badala ya kuzurura mwaka mzima, na benki ikajua kwamba ikitoa zaidi ya uwezo wake itaumbuka ndani ya wiki. Utaratibu huo ulidumu hadi 1858, na noti za New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, zikawa zinapokelewa bila punguzo. Hakuna aliyewahubiria wakurugenzi uaminifu. Kilichobadilika ni muda kati ya kosa na matokeo yake.

Ombi la tatu linahusu kuhesabu fedha, na hapa kisa bora kinatoka Michigan, jimbo jingine la Marekani. Sheria ya Machi 1837 iliruhusu kikundi cha wamiliki wa ardhi kufungua benki bila kwenda bungeni, kwa masharti yanayosikika makali: asilimia 30 ya mtaji iwe imelipwa kwa sarafu kabla ya kuanza, dhamana ya ardhi iwekwe, na makamishna wa serikali wazunguke kukagua. Ndani ya mwaka mmoja hivi benki kama arobaini zilikuwa zimefunguliwa, nyingine katika vijiji vilivyokuwa na kinu kimoja na nyumba chache ndani ya msitu. Kufikia mwisho wa 1839 karibu zote zilikuwa zimekufa.

Wakaguzi walikuwepo na walifanya kazi kwa bidii. Tatizo lilikuwa kwamba walisafiri kwa barabara moja, na habari zao zilitangulia. Sarafu zile zile zilihesabiwa katika benki moja asubuhi, zikapakiwa na kupelekwa kwa njia nyingine, zikahesabiwa tena katika benki iliyofuata. Makamishna waliandika kwamba dhahabu na fedha zilikuwa zikiruka nchini kwa kasi ya uchawi. Katika benki moja ya wilaya ya Jackson walionyeshwa masanduku yaliyojaa: juu sarafu za fedha, chini misumari, na moja likiwa na vipande vya kioo cha dirisha. Kwingineko walikubali hati zinazosema sarafu imewekwa mahali pengine kwa jina la benki, na hati hizo zikapita kama sarafu. Bank of Sandstone ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola 38,000 na haikuwahi kuwa na sarafu kabisa.

Sisi hatuna misumari. Tuna uhamisho wa benki wa tarehe 30 Disemba unaorudi ulikotoka tarehe 4 Januari, tuna picha ya skrini ya salio la simu, na tuna karatasi za "nimechukua" zilizobanwa kwa mpira ndani ya kasiki na kuhesabiwa kuwa fedha.

Tunaomba hesabu ya fedha ifanyike angalau mara moja kwa mwaka kwa vyama vyote vya wilaya moja, siku moja na saa moja, bila taarifa. Watu hawatatosha kama kila chama kitasubiri mkaguzi wake, kwa hiyo maafisa ushirika wa wilaya jirani waazimwe kwa asubuhi hiyo. Kazi haizidi saa tatu kwa chama. Utaratibu ambao tumeuona unafaa ni huu. Fika kabla ya kaunta kufunguliwa. Kila kasiki, droo, boksi la fedha ndogo na simu ya wakala ipigwe lakiri kwa wakati mmoja, na isifunguliwe mpaka ifike zamu yake, maana ukihesabu kasiki kwanza, droo itajazwa ukiwa umegeuka. Hesabu bulungutu lote, usihesabu noti ya juu na kuzidisha. Andika noti kwa aina zake: za elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, hadi sarafu. Karatasi za madeni ya watumishi ziwekwe kando na ziandikwe kama mikopo. Salio la benki liombwe kutoka benki kwenda kwa mkaguzi moja kwa moja, bila kupitia mkononi mwa meneja. La simu liombwe kwenye taarifa ya kampuni ya simu, na hapo hapo mtunza fedha apige kuangalia salio mbele ya mkaguzi.

Kisha rudi baada ya siku kumi na nne na uangalie kilichotoka. Fedha iliyoingia ndani ya siku tano kabla ya tarehe ya mizania na kuondoka ndani ya siku kumi baada yake itafutiwe mwenyewe. Ukikuta kiasi kinacholingana kimeingia chama jirani katika siku hizo hizo, umekuta gari la Michigan.

Jambo la mwisho ni la ufunguo. Mara nyingi mkaguzi akifika ataambiwa kasiki ina funguo mbili na mwenyekiti amesafiri na mmoja. Asikubali kurudi kesho. Abandike karatasi yenye sahihi na muhuri kuvuka ufa wa mlango wa kasiki, sahihi ya mtunza fedha iwe juu ya hiyo hiyo karatasi, aandike saa, apige picha, na chama kisilipe wala kupokea fedha taslimu mpaka ufunguo ufike. Kama mwenyekiti hawezi kupatikana ndani ya saa 24, fundi aitwe avunje kitasa mbele ya wajumbe wawili wa kamati ya usimamizi, na gharama ya kitasa ilipwe na chama. Waraka mmoja kutoka ofisini kwako wenye maelekezo haya ungempa afisa wa wilaya nguvu ambayo leo anaitafuta kwa maneno mlangoni.

Wako katika ushirika,

Wasomaji wa vitabu vya vyama vya akiba na mikopo